Mswaki Mmoja, Mito Miwili

Jumatatu, 3 Machi
Jana nilitimiza miaka thelathini na moja tangu niondoke kwetu. Chumba kimoja, dirisha moja, vikombe viwili. Cha pili ni cha mgeni, bado kipya.

Kazi yangu ya kujitolea: kila Ijumaa naokota jiwe mtoni, nasugua utelezi wake kwa mswaki mpya, natia kwenye chupa, napeleka maabara. Utelezi ule ni mwani, mdogo hata jicho haliuoni. Binti wa Hadubini, mpimaji wa maabara, anauita wakazi. Kuna wakazi wa maji safi na wakazi wa uchafu. Akiwahesabu, anaijua hali ya mto. Kisha ananimiminia chai na kuniita babu.

Leo kapiga simu kunipongeza. Kipande changu cha mto kimetoka safi mara mbili. Kikitoka safi mara ya tatu, hapo hapapimwi tena. Msiba!

Jumanne, 4 Machi
Jirani yangu Posta, aliyestaafu huko huko posta, anapima chini ya bomba la majitaka. Mto wake mchafu daima, chai daima. Watu wana bahati! Nikamwomba kwa adabu jiwe moja tu. Akacheka mpaka akakohoa. Mzee mwenzangu, akasema, kila mtu na uchafu wake.

Alhamisi, 6 Machi
Jiwe la Posta nimeliiba. Nikateleza, nikaketi mtoni, maji kifuani, jiwe nimelipakata kama kichanga. Mswaki mpya umekwenda na maji. Si neno. Ninao ule wa zamani, wa jiwe langu la dirishani. Jiwe hilo nilitoka nalo mtoni kwetu, mfukoni, na kila mwaka nalisugua tarehe niliyoondoka. Mswaki ni mswaki.

Ijumaa, 7 Machi
Binti akahesabu, akasita, akahesabu tena. Humu wamo wakazi wa majitaka, akasema, lakini wamo na wageni: wa maji ya joto, safi kabisa, ambao hajawaona katika mto huu maisha yake. Magamba yao ni ya kioo. Hukaa makavu miaka na miaka yasioze. Babu, umesugua nini?

Nikasema yote. Nikangoja kufukuzwa. Akanivutia kiti nichungulie.

Kitu chembamba, angavu, chenye mistari kama meno ya kitana. Kumbe nilikuwa naishi nao chumbani muda wote huu, na sikuwahi kuwasalimu.

Akauliza kama mto ule ungali safi hivyo. Nikamwambia walijenga bwawa. Bonde, nyumba yetu, kaburi la mama, vyote viko chini ya maji. Chai ikapoa. Akanimiminia nyingine.

Jumapili, 9 Machi
Jana Binti alikwenda kuokota jiwe mwenyewe. Kipande changu ni safi. Kimefutwa. Posta kaja kunipa pole, meno yote nje.

Lakini Binti analitaka jiwe la dirishani. Nilipeleke Ijumaa, atalipima lote mara moja.

Mara moja! Nimenunua miswaki kumi na miwili. Jiwe nimeligawa kwa chaki sehemu kumi na mbili. Nitamwambia utelezi mkavu hautoki ila kidogo kidogo. Hawezi kugundua. Ijumaa kumi na mbili! Na hapo sijaligeuza upande wa chini.

Kwetu sirudi; chai iko huku.