Mafuta ya Mbuni Usoni Mwangu

Jumatatu, 5 Agosti 1974

Dada Mwaija, leo naanza. Umelalamika kwamba barua zangu zote husema "sisi hatujambo" na kuishia hapo. Basi nitaandika kila jambo, hata yanayonifedhehesha, na daftari likijaa nitampa utingo wa basi akuletee huko Korogwe chuoni. Naapa sitaficha kitu.

Kwanza, ngozi. Upepo wa mwezi huu unakausha hata mate. Uso wangu umepauka kama mtu aliyelala kwenye jivu la jikoni. Leo nilicheka darasani, mdomo ukapasuka, damu ikadondokea daftari la Hesabu. Sicheki tena mpaka mvua.

Pili, Baba. Lile debe la mafuta ya kula lililopelea katika duka la kijiji analolisimamia bado linazungumzwa. Baba amekwisha sema mara tatu mbele ya kamati ya kijiji: lilitoboka kwenye lori, likamwagika njiani kati ya Korogwe na hapa. Mzee Mdoe, mwenyekiti, alimjibu kwamba barabara hiyo ina bahati. Hawajamfukuza. Hawajamwamini. Baba anafungua duka tupu kila asubuhi, anapangusa mizani, anakaa.

Tatu, tumaini! Mgeni kutoka mkoani atakuja Jumamosi ya tarehe 17. Risala itasomwa na mwanafunzi wa darasa la sita. Ni mimi au Raheli, binti wa bwana shamba. Mwalimu Simeo atachagua Jumatatu ijayo kwa kuangalia sauti na unadhifu wa mwili. Kwa sauti namshinda. Kwa mwili, Raheli ana mjomba Tanga anayemletea mafuta ya nazi, kwa hiyo anang'aa kama sahani ya harusini. Aliniuliza mbele ya wote kama kwetu tunaoga unga.

Nikisoma mimi, Mwalimu atatangaza: Mwanaidi binti Sadala. Watu watapiga makofi kwa jina la Baba. Wakishalipigia makofi, watalisengenyaje tena? Nimelifikiria sana jambo hili. Halina kasoro.

Jumatano, 7 Agosti

Mpango umepatikana!

Bwawani nilimkuta yule mama wa Kimasai tunayemwita Yeyo. Uso wake, Dada! Mzee, lakini laini kama tumbo la ndama. Nilimwamkia, kisha nikamwuliza anapaka nini. Alitazama huku na huku, akafungua kibuyu. Mafuta ya mbuni. Alisema ndege huyo walimkuta amekufa kwa kiu kule mbugani, hawakumgusa akiwa hai. Nami nijue, maana mbuni ni nyara ya Serikali, na mtu akishikwa na hata unyoya wake atakwenda kuueleza Handeni, akiwa na pingu. Nikaapa sitasema. (Wewe ni dada yangu, si mtu.)

Alitaka unga. Nilikuwa natoka kuchukua mgao wetu, unga wa yanga, yale mahindi ya njano ya msaada, wa wiki nzima. Nikampa vibaba viwili. Akanijazia kopo la majani ya chai.

Nyumbani nilisema unga umemwagika njiani. Bibi aliutazama mfuko, akanitazama mimi, akasema, "Nyumba hii, mke mwenzangu, kila kitu kinamwagika njiani." Baba aliendelea kunawa mikono. Tulikula bada, ugali wetu wa huku, nyepesi, ya kunywa zaidi kuliko ya kumega.

Ijumaa, 9 Agosti

Siku ya pili ya kupaka. Naficha kopo chini ya kitanda, nyuma ya viatu vya marehemu Mama. Mafuta ni ya njano, mazito asubuhi, mepesi jua likipanda. Harufu yake si mbaya ukiizoea. Inzi wameizoea kabla yangu.

Matokeo makubwa! Mdomo umefunga. Mashavu yamelainika. Nilijiangalia kwenye maji ya ndoo nikajiona binti wa watu. Raheli alisema nanuka kama beberu aliyeloa, lakini alinigeukia mara tatu. Nilihesabu.

Nimeamua kuongeza. Asubuhi, mchana na jioni.

Jumatatu, 12 Agosti

NIMECHAGULIWA.

Mwalimu Simeo alitusimamisha mbele, akatusomesha, akatutazama. Alisema Mwanaidi ana sauti, na siku hizi ananawiri, jambo ambalo ni mfano mwema kwa kijiji. Raheli alilia. Nilimsikitikia kwa muda mfupi.

Nilikimbia kumwambia Baba dukani. Nje ya duka palikuwa na foleni ya wanawake, maana uvumi ulisema sabuni imekuja. Haikuja. Nilisema shikamooni. Hawakuitikia. Walikuwa wananitazama usoni, jua la saa saba, nami nimetoka kupaka.

Dada, tangu Juni hakuna mtu hapa aliyeona tone la mafuta. Watu wanachemsha kisamvu kwa maji na chumvi. Nilikuwa sijalifikiria hilo.

Mama Mbwana ndiye aliyeanza. "Kumbe debe halikumwagika njiani. Lilimwagikia huyu usoni." Wakacheka, lakini si kicheko cha kucheka. Baba alikuwa mlangoni, amesikia. Aliniambia taratibu niende nyumbani nikanawe.

Nilinawa. Mafuta ya mbuni hayatoki kwa maji. Na sabuni haikuja.

Jumatano, 14 Agosti

Nilikesha nawaza, na jibu likaja. Uso mmoja unaong'aa unaonekana. Nyuso kumi zinazong'aa ni hali ya hewa.

Kwa hiyo leo, kabla ya kengele, niliwaita wasichana tisa nyuma ya choo cha shule nikawapaka mmoja mmoja, kidogo kidogo, bila kuwaambia ni nini. Walifurahi sana. Wengine walilamba vidole. Hata Raheli alikuja, kwa kuwa nazi yake imekwisha, na nilimpaka kwa moyo mweupe.

Tulipopanga mstari, Mzee Mdoe alikuwa amekuja kuona maandalizi ya mgeni. Alitembea mbele yetu polepole. Akahesabu kwa kidole. Nilimsikia akimwambia Mwalimu Simeo kwamba yeye alidhani ni kikombe tu kilichochukuliwa, lakini kwa nyuso kumi, kweli hilo ni debe zima.

Akauliza nani kawapaka. Vidole tisa. Cha Raheli kilitangulia.

Baba ameitwa mbele ya kamati kesho kutwa.

Alhamisi, 15 Agosti

Niliapa kuandika kila kitu. Naandika.

Asubuhi niliamua kuvunja kiapo cha Yeyo. Ningechukua kopo kesho, niliweke mbele ya kamati, wanuse wenyewe. Mafuta ya kula hayanuki vile. Baba angekuwa huru. Nilishinda shuleni nikipanga maneno.

Nilirudi magharibi. Nikiwa bado barabarani, harufu. Kitunguu kinakaangwa! Kijiji kizima kilikuwa kimesimama nje ya nyumba zao, pua juu. Watoto wa Mama Mbwana walikuwa wamekaa kwenye uzio wetu kama kunguru.

Ndani, Bibi alikuwa amekaanga kisamvu. Alikuwa akifagia chini ya kitanda akakuta kopo. Akadhani Baba ndiye aliyelificha. Dada, alidhani mwanawe ameiba kweli! Na hakumwuliza. Alisema moyoni, kama ameiba kwa ajili yetu, basi tule, ushahidi uishe kabla ya Ijumaa. Alimalizia yote sufuriani. Kisha akalisugua kopo kwa jivu na mchanga, mara mbili, likawa jeupe kama jipya, kumsitiri mwanawe.

Baba aliingia. Baada yake, kabla hajakaa, Mzee Mdoe na wajumbe wawili. Walisimama juu ya sufuria. Bibi aliwakaribisha chakula, ndivyo adabu inavyotaka. Mjumbe mmoja alisogea kama anayetaka kunawa.

Nilisema yote. Mbuni, Yeyo, unga, kopo. Walinisikiliza mpaka mwisho, ndipo wakacheka. Mzee Mdoe alisema amezaliwa Uziguani, ameona mafuta ya ufuta, ya nyonyo, ya kondoo, lakini ya mbuni ya kukaangia kisamvu bado. Aliliomba kopo. Bibi alilitoa. Alinusa. Jivu. Akauliza Yeyo yuko wapi. Yeyo na watu wake walihama juzi kufuata maji upande wa Kiteto.

"Mtoto ana kipaji," Mzee Mdoe alimwambia Baba. "Ndiyo maana kachaguliwa kusoma."

Walipoondoka, Bibi alijifunika kanga kichwani. Baba alimwuliza jambo moja tu: kama kweli alimdhania hivyo. Bibi aliivuta kanga mpaka machoni. Kisha Baba akaniuliza mimi kama ule unga ulimwagika. Nikasema hapana. Akasema, basi kati ya vyote, ni mafuta tu yaliyomwagika kweli.

Kisamvu hakikuliwa na mtu. Namalizia Ijumaa asubuhi: sufuria ni tupu, na uzio umevunjika.

Jumamosi, 17 Agosti

Jana kamati ilimvua Baba duka. Amemkabidhi ufunguo bwana shamba, baba yake Raheli, ashike kwa muda.

Leo Raheli alisoma risala. Mwalimu Simeo alisema si vyema nisimame mimi, "kwa hali ilivyo." Lakini alinipanga mstari wa kwanza pamoja na wale wanane waliobaki, kwa sababu tuna nyuso nzuri. Raheli alikwama kwenye neno "kujitegemea". Mimi nililitamka kwa midomo, bila sauti, akaniona, akaendelea. Sijui kwa nini nilimsaidia.

Baba alikuwa nyuma kabisa, mikono mgongoni, kama mtu aliyekuja kuangalia harusi ya wengine.

Mgeni alishuka garini saa nane. Alikuwa na haraka. Aliusikiliza mstari wa risala unaosema watu wana njaa na hawana mafuta, kisha akatuangalia sisi wa mstari wa mbele. Alitabasamu. Alisema ripoti za makaratasi hupotosha, yeye anaamini macho yake, na macho yake yanaona watoto wanaong'aa kwa afya. Akatupongeza. Akasema wapo wenye shida zaidi.

Nyuma ya msafara wake kulikuwa na lori lililofunikwa turubai. Tuliliona likigeuza. Madebe yaligongana ndani, sauti ya kujaa, si ya utupu. Bwana shamba alisema limepelekwa Mashewa.

Mama Mbwana alinitazama muda mrefu. Afadhali angenitukana.

Jumanne, 20 Agosti

Baba ameondoka alfajiri kwenda kukata mkonge, shamba moja karibu na Hale. Alibeba panga, blanketi na lile kopo jeupe, la kunywea maji. Bibi alimfuata mpaka njia panda akimwita kwa jina la utotoni. Baba aligeuka, akampungia mkono. Nafikiri amemsamehe. Nafikiri. Mimi aliniambia nisiache shule, na nimwangalie Bibi.

Sasa habari njema, maana sitaki daftari liishe kwa huzuni. Mzee Mdoe amekubali kamati imsikilize Baba mara moja zaidi, Ijumaa ya tarehe 6 Septemba. Mwalimu Simeo ndiye aliyemwombea.

Nimelifikiria sana. Wewe unajua mkonge: miiba, na yale maji yake yanayowasha. Baada ya wiki mbili mikono ya Baba itakuwa imepasuka yote. Atasimamaje mbele ya kamati na mikono ya mtu aliyeadhibiwa? Watamwona mkosaji kabla hajafungua kinywa.

Lakini jana mpwa wake Yeyo alipita na mbuzi. Yeye bado anayo mafuta, tena mazuri zaidi. Nimempa blanketi langu, na tumejaza chupa nzima. Nimeificha mahali ambapo Bibi hafagii. Utingo atakuletea pamoja na daftari hili, nawe umfikishie Baba kule Hale. Akipaka kila siku, mikono yake yote miwili, mpaka viwikoni, tarehe 6 atainyoosha mbele ya Mzee Mdoe ikiwa laini, safi, inang'aa kila mtu aione. Hapo watajua ni mikono ya namna gani.

Halina kasoro, Dada. Jambo moja tu silijui, na wewe unasomea uuguzi, kwa hiyo nijibu kwa basi hilohilo likirudi: siku ile ya kamati, apake asubuhi tu, au aongeze tena mara moja pale mlangoni kabla hajaingia?