Samaki Ishirini wa Mkaguzi

Jumatatu, 12 Agosti

Nimehesabu chawa wa samaki. Samoni ishirini kutoka kizimba cha tatu cha baharini, mmoja mmoja, wamelazwa kwa dawa ya usingizi ndani ya beseni jeupe. Chawa kumi na wanne! Cheti chetu cha ufugaji safi kinaruhusu majike wakubwa wawili tu wa chawa wa samoni kwa samaki ishirini. Sikujisumbua kuchambua yupi jike, yupi dume, yupi wa aina gani. Chawa ni chawa.

Mkaguzi wa cheti anakuja Ijumaa. Bila nembo ya kijani ya cheti hicho wanunuzi wa Ujerumani hawagusi samaki wetu, na kampuni imeshasema wazi: vizimba vitakavyopoteza cheti vitafungwa, na meneja wake atajijua. Meneja ni mimi.

Torbjørg, meneja wa vizimba vya ng'ambo ya hori, mkono huu wa bahari, kanipigia simu kunipa moyo. Yeye alipita ukaguzi mwezi uliopita na sasa hana wasiwasi. Kanishauri niwe mkweli tu, eti mkaguzi si mtu mbaya. Rahisi kusema ukiwa umeshapita.

Jumanne, 13 Agosti

Nimepata! Nimechagua samaki ishirini wenye sura nzuri. Nimewaogesha kwenye maji yasiyo na chumvi mpaka chawa wakadondoka. Sasa wako kwenye wavu mdogo niliouning'iniza nje ya kizimba, upande ambao mgeni hafiki. Ijumaa mkaguzi akisema vua, nazunguka, nachota hao.

Ili nisije nikawachanganya na wengine, nimewakata lile pezi dogo la mgongoni, karibu na mkia. Mkasi wa jikoni. Kazi safi kabisa.

Gunnvor, mke wangu, kauliza mbona nimerudi nimelowa mpaka kifuani. Nimesema ni matengenezo. Kaniangalia kwa muda mrefu kidogo kuliko ninavyopenda.

Jumatano, 14 Agosti

Balaa. Upepo wa kusini-magharibi umevuma usiku kucha. Asubuhi nimekuta wavu mdogo umechanika kuanzia juu mpaka chini. Ndani hamna kitu. Hata mmoja!

Sheria inasema hata samaki mmoja akitoroka unatoa taarifa papo hapo. Nimeshika simu, nimeiweka. Nimeshika tena. Ishirini kati ya elfu themanini ni nini? Nani atajua? Kwenye daftari nimeandika: hali ya kawaida.

Alhamisi, 15 Agosti

Tumekula kwa baba yake Gunnvor. Oddmund ni mwenyekiti wa wavuvi wa mtoni. Hapendi vizimba vyetu, mimi ananivumilia kwa ajili ya binti yake. Kabla viazi havijaiva kaleta mezani kitu kilichofungwa kwenye gazeti. Samoni. Mnene, mapezi butu, wa kufugwa kabisa. Amemvua mtoni leo, na jana mwenzake kavua mwingine.

"Mkwe, umewahi kuona samoni aliyekatwa pezi hili?"

Nikasema pengine kang'atwa na sili, mnyama yule wa baharini.

"Sili wa siku hizi anatumia mkasi," akasema, wala hakucheka.

Akaeleza, kama vile mimi sijui, kwamba hawa wakizaliana na wa mtoni, watoto watakuwa legelege, wakishuka baharini hawatarudi mtoni. Baba yake alivua hapo, babu yake alivua hapo, na mwaka huu samoni wa mto ukiwahesabu hawajazi ukurasa wa daftari. Kasema amewapelekea picha watu wote, pamoja na wa cheti. Niliona aibu, aibu ya kweli. Nikaomba chumvi.

Ijumaa, 16 Agosti

Mkaguzi anaitwa Ragnfrid. Mwanamke mtaratibu, koti la mvua, kioo cha kukuzia shingoni. Kahesabu mwenyewe. Alipofika chawa wa kumi na tano nilikuwa nimeshika reli ya ukingo kwa mikono miwili.

Kisha akaniita nitazame kwenye kioo. Wengi ni chawa wa aina nyingine, wale wadogo wanaorukaruka kutoka samaki hadi samaki. Hawahesabiwi! Jike mkubwa wa chawa wa samoni alikuwa mmoja tu. Kumbe Jumatatu pia ilikuwa hivyo hivyo. Nilikuwa ndani ya kiwango tangu mwanzo. Nilitaka kumkumbatia.

Hapo akatoa ile picha aliyotuma Oddmund, akauliza kama nina taarifa yoyote ya samaki kutoroka. Nimesema huenda ni wa Torbjørg, hata mkasi anao. Ragnfrid akazunguka upande ambao mgeni hafiki. Wavu mdogo bado ulikuwa unaning'inia, umechanika, magamba yamenasa. Nilisahau kuutoa!

"Chawa walikuwa wanakupitisha, Sveinung," akasema. "Waliokuangusha ni hawa uliowaficha."

Cheti kimesimamishwa. Nimempigia Gunnvor. Hakugomba, na hilo ndilo linaloniogopesha.

Jumapili, 18 Agosti

Kampuni imenipa nafasi moja. Wote ishirini wapatikane mtoni kabla ya Jumatano, ndipo kampuni itazungumza na watu wa cheti. Tangu jana kijiji kizima kimetoka kusaidia, bila kuitwa mara mbili, na chupa za kahawa na mikate ya jibini ya kahawia. Hata Torbjørg kaja, na mabuti mapya. Oddmund amesimama majini siku mbili, maji kiunoni, miaka sabini na nane. Kasema hatoki mpaka apatikane wa mwisho.

Mpaka jioni hii wamepatikana kumi na wanne, pamoja na wale wawili wa mwanzo. Sita hakuna. Gunnvor kaniambia babake akipata ugonjwa wa mapafu nisirudi nyumbani.

Nikawaza. Kizimba cha tatu kina samaki elfu themanini. Mkasi ninao. Nikaenda na mashua, nikarudi na sita kwenye ndoo, pezi hawana, nikasema nimewanasa kwenye kina cha chini ya daraja.

Oddmund kawahesabu mara mbili. Ishirini. Akakunja fimbo yake ya kuvulia, akanishika mkono, mara ya kwanza tangu harusi, machozi yakimlengalenga, akasema mto umepona. Kila mtu akaenda nyumbani.

Kesho nitamwomba anisemee kwa kampuni.