Vita Baridi Vimeingia Mitungini Mwetu

Newala,
28 Oktoba 1957

Kwako Bwana Mhariri, pamoja na wapiga chapa wako wote,

Pokea salamu kutoka huku juu, kwa mtu aliyeoa tarehe 5 mwezi huu na ambaye bado hajaamini. Mke wangu anaitwa Isabela. Nalitaja jina lake mapema kwa sababu nikilichelewesha nashindwa kuandika mengine. Mimi ni mwalimu, mzaliwa wa Lupaso, Masasi, nimefika sekondari, na sikuwahi kulalamikia gazeti lolote mpaka lako lilipoingia nyumbani mwangu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Uliandika "vita baridi" bila kueleza kilicho baridi. Baada ya ibada niliwasomea watu nje ya kanisa kwamba mataifa mawili makubwa hayapigani, ila kila moja linarundika silaha kumzidi mwenzake. Mkwe wangu, Mama Isabela, akauliza, "Baridi ya nini, mwalimu?" Isabela alikuwa akinitazama, na anaponitazama elimu yote hunitoka. Nikajibu, "Kama maji ya mtungini, mama." Bwana Mhariri, kwetu bomba halijafika. Maji yako bondeni, saa mbili kushuka, na kupanda ni jambo la mtu na Mungu wake. Kwa hiyo nilieleweka upesi mno.

2. Kesho yake mama yangu mzazi, aliyekuja harusini akakataa kuondoka, aliweka debe la maji mlangoni petu. "Mwanangu asione kiu ugenini!" alisema, kwa sauti ya kufika nyumba ya pili. Nyumba ya pili ni kwa mkwe wangu. Jioni yakaja madebe mawili: "Huku juu hatuogi kwa kikombe kama watu wa Masasi." Leo tuna madebe kumi na tisa, mitungi minane na karai. Uliposema taifa moja limerusha tufe angani, mama alipandisha mtungi juu ya paa. Mkwe wangu sasa anatafuta ngazi.

3. Tumeingiliwa na upelelezi. Bibi Mwanaisha, jirani yetu, huja kuomba moto asubuhi na jioni, huku anachungulia mitungi. Ametumwa na mama. Ametumwa pia na mkwe. Kila upande humpa kata ya maji kwa taarifa zake, na sasa ndiye mtu pekee mtaani anayeoga mara mbili kwa siku.

4. Ndugu zangu wa Lupaso wamepanda kuja kumsaidia mama kubeba. Wajomba wa Isabela nao wamejipanga njiani. Jamaa zetu wa Nanganga wametangaza kwamba hawana upande, na wanakula pande zote mbili.

5. Maji yenyewe hayanyweki. Nikichota kwa mama, maji yake yanapungua na ataonekana ameshindwa. Nikichota kwa mkwe, nimemvunjia heshima aliyemzaa Isabela, jambo nisiloliweza hata ndotoni. Nyumba ina maji ya kuogeshea ng'ombe, nasi maarusi tunakata kiu kwa kufyonza mabibo ya mikorosho. Shati langu la harusi lina madoa yasiyotoka.

6. Hili ndilo linaloniumiza. Kabla ya ndoa nilimwahidi Isabela, kwa maandishi, kwamba hatashuka bondeni tena maisha yake yote. Nitamletea maji mimi, kwa baisikeli, kila alfajiri, nikiimba. Mpaka leo sijamletea hata tone. Mwanamume atapendwaje kwa maji ya mama zake?

Kwa hiyo naomba uyaandikie mataifa hayo, kwa adabu, yapatane kabla ya tarehe 5 Novemba, siku tutakayotimiza mwezi mmoja. Kila moja linywe kidogo katika mtungi wa mwenzake. Kisha ichape habari hiyo kwa herufi kubwa, maana mama zangu huamini kila kilichopigwa chapa. Dunia ikitulia, nitapanda baisikeli yangu.

Nisalimie wapiga chapa, wauza magazeti, na mkeo kama unaye. Kama huna, oa, Bwana Mhariri, oa leo.

Ni mimi, mume wa Isabela
(siku hizi natia sahihi hivyo),
Mwalimu Cecil Isaka

Baada ya sahihi: Kabla ya kuifunga barua hii niliwasomea mama zangu ili waipime adabu yake. Walilia, wakakumbatiana, wakaita ndugu wa pande zote, na maji yote yakanywewa na kuogwa siku hiyo hiyo kwa furaha ya amani. Kisha wakashuka Lupaso pamoja, wameshikana mikono, hadi mvua zianze. Nimekwenda bondeni mara tatu. Mara ya kwanza niliimba. Mara ya pili nilisukuma baisikeli. Mara ya tatu baisikeli ilibaki huko. Jana Isabela alichukua debe, akashuka, akarudi limejaa, akanipa kikombe: "Kunywa, mume wangu. Ya baridi hayo." Nilikunywa nikitazama chini. Tafadhali usiyaandikie mataifa yale, yasifanye haraka. Na moja likimpita mwenzake tena, kwa lolote lile, nitumie gazeti upesi. Tuma mawili, moja lishukie Lupaso.