Kikomo cha Memori na Picha za Mzee Kimaiyo

Jumatatu, 3 Machi 2025. Kitale.
Amekuja Mama Judy kutoka Cheptais. Mumewe, Mzee Kimaiyo, anazikwa Ijumaa. Binti yao Judy yuko Doha, amenyimwa ruhusa ya kuja. Nimewatengenezea tovuti kwenye seva yangu, kompyuta inayoihifadhi hapa dukani: picha za marehemu, na ukurasa wa rambirambi. Judy ameshaandika. Nimesoma, nikafunga mlango kidogo nijipanguse macho.
Mama alipitia kwanza kwa Nasir, fundi wa Bungoma. Nasir alimshauri picha zipunguzwe kabla ya kupandishwa. Nikamwambia Nasir ni mwoga. Mimi nitaskani kubwa kabisa, hadi uzi wa koti uonekane.

Jumanne, 4 Machi.
Seva imekataa. Programu inayopunguza picha ina kikomo cha memori, isije ikala sehemu ya wenzake. Picha zangu zinataka zaidi. Nimeongeza kikomo mara mbili. Diski ikajaa, nikafuta nakala ya akiba ya tovuti. Kwa muda tu.
Picha moja ikapita, nusu. Chini ya paji la uso, kijivu tupu. Mama Judy akaitazama kwa simu yake, akaniuliza polepole, "Sasa macho yake iko wapi, Wabwile?"
Nikasema ni mtandao.
Nasir amepiga. Ati nisiguse kikomo. "Si upunguze tu picha, bana. Hiyo kikomo inakulinda." Nikamjibu mimi si mtoto wa kulindwa.

Alhamisi, 6 Machi.
Nimeondoa kikomo. Kabisa. Picha arobaini kwa mpigo. Kwa dakika tatu nilijiona mhandisi.
Kisha memori yote ikaisha. Seva, ili ijiokoe, ikaanza kuua programu moja moja. Ikaua hifadhidata, panapokaa rambirambi zote, ikiwa katikati ya kuandika. Nimewasha tena. Ukurasa wa rambirambi mtupu. Jumbe sitini na moja, na wa Judy ndani yake. Akiba nilifuta Jumanne.
Chai imepoa. Sijamwambia mtu.

Ijumaa, 7 Machi. Cheptais.
Nimemkuta Nasir huko. Alikuwa amezipiga picha zote za karatasi upya kwa simu, akazipunguza, akamtumia Judy kabla ya ibada. Hakunisema. Alinivutia kiti tu. Afadhali angenitukana.
Baada ya mazishi Mama Judy aliniita pembeni, nyuma ya jikoni. Akaomba nimsomee maneno ya Judy.
"Sikutaka kuyasikia kabla mzee hajalala kaburini," alisema. "Nilikuwa nayangojea leo."
Nikamwambia yamepotea, na aliyeyapoteza ni mimi.
"Yote?"
"Yote, mama."
Akampigia Judy. Judy alisema aliandika akilia, hakumbuki alichoandika, na hawezi kukirudia. Nikasema kuna kitu nakumbuka. Aliandika: Baba, ulinifunza kukamua nikiwa na miaka sita, na mikono yangu bado inajua.
Mama Judy aliangalia mikono yake mwenyewe.
"Na mengine?"
Nilitafuta kichwani. Hakukuwa na mengine. Akasema asante, nile kabla sijateremka. Nilipewa sahani iliyojaa. Sikuweza kumeza, na sikuweza kuiacha.

Jumapili, 9 Machi. Kitale.
Kanisani niliomba msamaha, na nilikuwa namaanisha. Nasir ameniandikia, ati niende Bungoma siku moja anionyeshe anavyofanya. Ni mtu mzuri, inachosha. Nimesema nitafikiria.
Nimefikiria. Kosa halikuwa kuondoa kikomo. Kosa ni seva ndogo. Kesho naiongezea memori mara nne.
Edah wa Kamukuywa amefiwa na nyanya yake. Ana albamu tatu, na akauliza kama ni lazima achague picha chache. Nimemwambia alete zote. Kwangu hakuna kikomo.