Wateja Kumi na Wawili Ndani ya Kompyuta Moja

Jumatatu, 14 Juni 1999

Namshukuru Mungu kwa akili aliyonipa mimi Luhaga. Bombani hapa Mkuyuni mtu huacha ndoo kwenye foleni, akaenda zake sokoni. Hakuna wa kuitoa. Ndoo ipo, basi naye yupo! Nikajiuliza, kwa nini wateja wangu wa kuchapa wasiwe na ndoo zao? Leo kila aliyeingia nimemfungulia kazi yake kwenye kompyuta hapo hapo, jina lake juu. Anaona kazi imeanza. Hawezi tena kuhamia mlango wa pili kwa Mama Immaculata, karani mstaafu mwenye taipureta, ambaye hupokea kazi moja, akaimaliza, ndipo apokee nyingine. Mwendo wa kobe!

Nimepokea kumi na moja. Nono kuliko zote ni ya Mwalimu Kokulinda, mkuu wa shule ng'ambo ya ziwa, huko Kamanga. Mtihani wa majaribio wa kidato cha nne: kurasa ishirini na mbili za mwandiko wa mkono, ramani na grafu humo humo. Anaufuata Ijumaa, awahi kivuko cha saa tisa. Watoto wanaanza kuufanya Jumatatu. Nimemwambia ahesabu ameshaupata.

Jumanne, 15 Juni

Saa nne kompyuta imeganda. Imeandika memori haitoshi. Haitoshi vipi, na jana ilitosha? Kuzima, kuwasha: kazi zote zimefutika. Nimewaambia wateja umeme ulikatika. Wamenipa pole. Watu wa hapa wana roho nzuri jamani!

Nikamwita Projest, fundi wa kompyuta. Akasema memori ni meza. Meza ikijaa, mfumo unaoendesha kompyuta hupeleka baadhi ya makaratasi stoo, yaani kwenye diski, na kuyafuata yakihitajika. Ukiwabandika watu kumi na moja kwenye meza ya watatu, kutwa nzima unatembea stoo tu, na stoo nayo mwishowe hujaa. Akanishauri nifunge kazi nane. Nikamjibu kumfunga mteja ni kukosa adabu.

Akacheka, akaniwekea mfumo mwingine, wa bure. Huu, meza na stoo vikijaa, haugandi. Unachagua kazi moja, mara nyingi ile iliyonenepa, unaiua, nyingine zinapona. Mfumo wenye utu! Akanisihi nisevu kila mara, yaani niihifadhi kazi kwenye diski isipotee. Nimempa samaki, sato mkubwa. Wabeja, asante sana, Projest.

Jumatano, 16 Juni

Wote nimewafungulia upya. Nikibonyeza herufi, nakunywa chai, ndipo inatokea. Taa ya diski haizimi. Kusevu kunachukua karne, nimeacha.

Jioni kaja Masele na kadi za harusi. Wa kumi na mbili. Nimkatae kwa nini? Akifa mmoja nabaki na kumi na mmoja. Nitamwomba radhi huyo mmoja, yamekwisha. Mtihani umefika ukurasa wa kumi na sita. Asante Mungu.

Alhamisi, 17 Juni

Saa tano, ukurasa wa ishirini na moja. Masele kaja, anataka ua kwenye kadi yake. Nikaweka ua.

Mtihani ukatoweka! Wote! Ndio uliokuwa umenenepa kuliko kazi zote. Ua la Masele limechanua, zuri kabisa, na Masele anasifia.

Nilikaa sakafuni. Niliwaona wale watoto Jumatatu, wamechonga penseli, hakuna karatasi. Kwa sababu yangu. Nililia, wala sioni haya kuandika.

Nikaenda mlango wa pili. Shikamoo Mama. Nikamweleza yaliyoupata mtihani. Aliuliza mwandiko wa mkono uko wapi. Nikampa. Akachomoa karatasi iliyokuwa kwenye mashine, kazi ya katekista Venant, akatuma neno kwamba itakuwa tayari Jumatatu. Alimweleza ukweli mtupu, na Venant akakubali! Sijawahi kuona jambo kama hilo. Akachapa juu ya stensili, karatasi za nta za kudurufia, hadi saa kumi na mbili jioni.

Ijumaa, 18 Juni

Saa moja asubuhi alishaanza. Mimi nilichora ramani kwa mkono, nikazungusha mashine yake ya kudurufu, wino hadi kwenye viwiko. Saa nane tumebana ukurasa wa mwisho! Mwalimu Kokulinda akafika, akasifu ramani, akawahi kivuko. Nilimwangalia hadi anapanda.

Mama Immaculata amekataa malipo, kapokea soda tu. Akaniambia, mwanangu, pokea unachoweza kumaliza. Nikaitikia kwa moyo wote. Mungu akupe maisha marefu, Mama.

Jumamosi, 19 Juni

Usingizi umekataa kwa shukrani. Mama yule nimlipe nini?

Asubuhi nimemuuliza Projest kama taipureta nayo huishiwa memori. Kasema haina memori kabisa, itaishiwaje? Kumbe! Siri ya yule mama ndiyo hiyo, na miaka yote hakuna aliyemwambia.

Leo yeye kaenda Buhongwa kumtazama mjukuu. Nimeketi mlangoni pake tangu saa mbili, namwitia wateja. Nimempokelea kazi kumi na tisa, zote za Jumatatu asubuhi. Nimewaambia wahesabu wameshazipata.

Bado hajui. Natamani nione uso wake akifika.