Malalamiko ya Kutokamatwa Pamoja na Basil

Msanzi,
14 Julai 1996

Ndugu Mhariri,

Natumaini gazeti lako bado linatoka. Mimi ni mjane, mkulima wa mahindi na ulezi, na nalalamika kwamba nimenyimwa haki yangu ya kukamatwa.

Mwandishi wako Basil yuko mahabusu Sumbawanga, wiki ya tatu sasa. Kosa lake ni kuandika kwamba mmoja wa wanunuzi wa mahindi waliojaa Chala tangu biashara iwe huria ni luteni wa jeshi, aliyetumwa kwa siri kuchunguza magendo ya mpakani. Luteni huyo ni mwanangu Abel. Nasikia Basil anaweza kufungwa miaka mingi, na mkewe amejifungua juzi. Sheria naiheshimu sana, ila imetubagua:

1. Aliyetoa siri ni mimi. Abel alipopandishwa cheo niliomba misa ya shukrani. Karatasi ya nia ya misa niliiandika kwa mkono wangu: jina, cheo, na kazi yake ya siri pale Chala, ili Mungu asimchanganye na akina Abel wengine. Katekista akaisoma mbele ya waumini wote, tena mara mbili, maana kina mama wa nyuma hawakusikia. Basil alikuwa benchi la tatu.

2. Kanisa zima tuliitikia, "Twakuomba utusikie." Tumeshiriki kosa.

3. Baada ya misa niliwanywesha pombe ya ulezi watu wa vijiji vitatu, wakiwemo wafanya magendo wenyewe. Walinipongeza kwa heshima zote, wamepiga magoti na kupiga makofi.

4. Mungu naye ameambiwa. Sijui kama ana kibali.

Nilikwenda kituoni kujisalimisha. Afande wa zamu alinipa kiti, akasema, "Mama, siri ni siri hata kama wote wanaijua. Kosa ni kuichapa." Nilirudi nyumbani nikilia kwa hasira.

Basi naomba nishtakiwe hadharani, kwa jina langu kamili, na Basil arudi akamwone mtoto wake.

Wasalimie wote hapo ofisini, na mpiga chapa pia kama hajachukuliwa.

Wako, niliye tayari kufungwa,
Rozina, mama Abel

Nyongeza: Abel amefika leo, amenikalisha chini tukaongea. Tafadhali usichape jina langu, wala lake, wala la kijiji. Nina wajukuu, naogopa. Kama ni lazima barua iwe na jina, weka la Basil, maana yeye yuko ndani tayari.