Jiko la Nevena na Kodi ya Nyumba

Jumatatu, 8 Septemba
Hasira! Jirani yangu Lachezar kapunguziwa kodi ya nyumba. Banda lake lililobomoka limefutwa kwenye rejesta ya manispaa. Kaniuliza mbele za watu kama bado nalipia jiko langu la nje lililoangushwa na theluji. Nalipia! Kesho nakwenda manispaa.

Jumanne, 9 Septemba
Binti wa dirishani kasema kosa litasahihishwa, ila mkaguzi aje kwanza. Halafu akadai barua pepe, maana taarifa za kodi haziletwi tena na posta. Sina. Nimempa ya Lachezar. Usumbufu wake, faida yangu. Werevu!

Alhamisi, 11 Septemba
Werevu gani! Lachezar kaisoma taarifa yangu dukani, kwa sauti. "Metodi, mzee wangu, mkaguzi anakuja kesho. Na kumbe nyumba yako imeandikwa haina bafu! Unaoga wapi?" Duka zima kicheko. Zamani Tsvetana wa posta alileta bahasha iliyofungwa, akanywa kahawa, akaenda zake. Raha iliyoje.

Ijumaa, 12 Septemba
Asubuhi nikaanza kuondoa kifusi cha jiko la nje, mkaguzi asione hata tofali. Chini ya vigae, jiko la chuma, zima kabisa! Hapo marehemu mke wangu Nevena alichoma pilipili hoho kila Septemba, akinifukuza kwa mwiko nisidokoe. Nikaliwasha, kujaribu tu. Nikachoma hoho. Manyunyu yakaanza, nikaezeka mabati juu yake. Nikaketi. Machozi. Moshi, bila shaka.
Mkaguzi akaingia, kijana mpole. Akatazama paa, moto, sahani. "Baba, mbona jiko hili linafanya kazi?" Nikajibu ndiyo, tena kwa fahari. Kala, kaongeza. Akaomba kunawa mikono. Nikamwonyesha bafu.

Jumapili, 14 Septemba
Jiko limebaki kwenye rejesta. Bafu limeongezwa. Kodi imepanda! Lachezar kaleta habari mwenyewe, pamoja na chupa ya rakia, pombe yetu kali ya matunda. Kanusa moshi, kaketi pale alipozoea enzi za Nevena. Baadaye kasema taratibu, "Usilifute, ndugu yangu."
Silifuti. Ila nasikia makanisa hayatozwi kodi. Nikitundika msalaba juu ya mabati, nani atauliza? Kesho mapema, ofisini. Lachezar asijue kabisa!